Mzee Jeconia Opondo Oluoch: Fundi wa Milango Aliyekaa Miaka Kumi Bila Mlango

Kabla hatujamshusha Mzee Jeconia Opondo Oluoch kaburini, familia inawaomba mnaoweza kuketi mketi, maana wasifu huu si mfupi. Yeye mwenyewe hakutaka uwe mfupi. Mwaka jana alimwita binti yake Awuor, ambaye ndiye anausoma sasa, akamwambia, "Hiyo siku usisomee watu tarehe peke yake. Tarehe ziko kwa kitambulisho. Waambie hiyo maneno ya mlango, na usiruke mahali." Basi Awuor hataruka mahali.

Mzee Opondo alizaliwa tarehe 12 Mei 1955 karibu na soko la Boro, Alego, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Oluoch na marehemu Mama Akoth. Baba yake ndiye aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa na kufungua milango kila Jumapili. Mlango mmoja ulikuwa na tabia ya kulia katikati ya mahubiri, na Opondo, akiwa na miaka tisa, akaamua kuutibu. Jumamosi aling'oa bawaba zake akazipaka mafuta ya ng'ombe, kisha akashindwa kuzirudisha. Kesho yake ibada ilifanyika mlango ukiwa umeegemezwa ukutani, na mbuzi wawili wakahudhuria. Baba yake alimchapa vizuri, halafu akamkalisha chini na kumwonyesha jinsi bawaba inavyofungwa. Mzee alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo siku aliyoajiriwa.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Boro akamaliza darasa la saba mwaka wa 1970. Nafasi ya sekondari haikupatikana. Mwaka wa 1972 aliingia chuo cha ufundi cha kijiji, akajifunza kuchomelea vyuma kwa miaka miwili, akatoka na cheti ambacho bado kipo, ingawa kimeliwa kidogo na mchwa upande wa sahihi.

Alifika Eldoret mwezi wa Agosti 1976 akiwa na sweta moja, na sweta hiyo haikutosha. Alifanya kazi miaka kumi na miwili katika karakana ya kiwanda cha nguo, kisha mwaka wa 1988 akafungua kibanda chake kando ya barabara. Alitengeneza madirisha, mageti na vitanda vya shule, lakini moyo wake ulikuwa kwenye milango. Kila mlango aliufungua na kuufunga mara kumi kabla ya kumkabidhi mwenyewe, na kila mteja alipewa onyo lilelile: "Mlango haubamizwi. Unausindikiza mpaka ufike." Milango yake ipo hapa mjini, ipo Plateau, ipo kwenye maghala ya mahindi kule Moi's Bridge. Ukitembea naye mjini ilibidi uwe na subira, kwa sababu alikuwa akisimama kuisalimia.

Mke wake, Mama Warigia, alimpata kibaruani. Mwaka wa 1981 Warigia, fundi wa kushona kutoka kwa familia iliyolima Moi's Bridge, alileta karakanani pedali ya cherehani iliyokatika. Opondo aliitengeneza. Wiki iliyofuata ikakatika tena mahali palepale, na hadi leo Mama anasema fundi mzuri namna ile hawezi kukosea mara mbili bila sababu. Walifunga ndoa kanisani tarehe 17 Desemba 1983. Wajaluo walisema kidogo, Wakikuyu wakasema kidogo, wote wakala wali wakanyamaza. Mungu aliwajalia watoto watatu: Christabel, Awuor na Collins.

Mwaka wa 1996 walimaliza kujenga nyumba yao hapa Mawe Tatu, na Mzee akamtengenezea mkewe mlango. Huo ndio mlango wenyewe. Aliufanya mpana kuliko kawaida, kwa sababu Mama alitaka viti vya sebuleni viingie bila kulazwa ubavu. Bawaba aliziweka upande wa kulia, kwa sababu Mama anatumia mkono wa kushoto. Chini aliweka ukanda wa chuma uliopindwa, wa kumwaga maji ya mvua nje. Na juu, sehemu ya kifuani, alichomelea jua linalochomoza, nusu duara yenye miali saba. Majirani walicheka wakasema Opondo amejenga nyumba ya mlango. Yeye aliupaka rangi ya buluu akaendelea na maisha.

Jumatatu tarehe 31 Desemba 2007, siku moja baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, saa nane mchana, kundi la wanaume lilisimama uani. Baadhi yao walikuwa watu aliowajua. Mmoja akamwambia, "Mzee Opondo, wewe hatuna shida na wewe. Wewe ni mtu wetu, tulipiga kura pamoja. Ni huyu mama Mkikuyu na mama yake ndio watoke. Wewe kaa."

Mzee aliwatazama, akasema, "Sawa. Ngojeni nichukue kofia."

Alichukua kofia, akamshika mkono mama mkwe wake aliyekuwa akiishi nao, Mama Warigia akatangulia na watoto, wakatoka wote. Aliufunga mlango bila kuubamiza. Walipofika barabarani moshi ulikuwa umeshapanda, na yeye hakugeuka kutazama. Wako watu hapa ambao wamemsifu kwa mambo mengi, lakini watoto wake wanataka ijulikane kwamba hakuna jambo wanalojivunia kuliko hilo la kofia.

Walikaa katika hema kwenye uwanja wa maonyesho. Baridi ya pale waliokuwepo wanaijua. Tarehe 9 Machi 2008 mama mzazi wa Warigia alifariki mle hemani kwa ugonjwa wa kifua. Mzee aliandika tarehe hiyo ndani ya Biblia yake, na chini yake hakuandika kitu. Ilituuma sana, na bado inatuuma.

Februari 2009 walirudi Mawe Tatu kwenye kuta nne nyeusi. Mlango na fremu yake havikuwepo. Mzee hakushangaa, maana chuma hakiungui, na watu walikuwa wamekusanya kila kilichobaki. Lakini Jumapili ya kwanza, wakielekea kanisani, alisimama ghafla mbele ya boma la Kipngetich, jirani wa mtaa wa juu, mkulima na mzee wa kanisa letu hilohilo. Mlango wake mwenyewe Mzee ulikuwa pale, kwenye nyumba ya Kipngetich, ukionekana kutoka barabarani. Ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na ulikuwa umefungwa juu chini. Ukuta wa boma lile ulikuwa na kona iliyozuia mlango wa bawaba za kulia usifunguke, na aliyeufunga alitatua shida kwa kuupindua pamoja na fremu yake. Jua lilikuwa chini, miali inaelekea kwenye matope.

Mama Warigia anasimulia kwamba hajawahi kumwona mumewe na hasira ya namna ile, hata siku ya moto. "Kuiba nimeelewa," alisema Mzee. "Lakini anafunga aje mlango hivi?"

Siku hiyohiyo kanisani mchungaji aliomba watu wasalimiane kwa mikono, wasahau ya nyuma. Kipngetich alimjia Mzee na tabasamu, akasema, "Mzee, tusahau tu." Mzee akamshika mkono, hakuuachilia. "Nikumbushe kwanza ni nini tunasahau," akamwambia. Kipngetich alitoa mkono wake akaenda kusalimia wengine.

Mzee alifuata njia zote za kawaida. Alipeleka malalamiko kwa afisa mmoja, naye akamwuliza kama ana risiti ya mlango. "Risiti ya kujiuzia mimi mwenyewe?" Mzee akauliza, na mambo yakaishia hapo.

Sasa yafuatayo aliyasema mwenyewe, na alitaka yasemwe. Ijumaa moja ya Machi 2009 aliweka msumeno wa chuma ndani ya mfuko akaenda kwa Kipngetich kuukata mlango wake aondoke nao. Alipofika getini mlango ukafunguliwa, akatoka Naomi, binti wa Kipngetich, wakati huo msichana wa miaka kumi mwenye sare ya shule, akamsalimia kwa adabu. Mzee alijiona jinsi alivyosimama pale, mtu mzima na msumeno mbele ya mtoto, akaona aibu. Hakuweza kukata na hakuweza kuondoka. Kwa kukosa la kufanya akavua kofia akaomba, kwa sauti, palepale barabarani.

Wiki iliyofuata akarudi bila msumeno. Na iliyofuata. Kila Ijumaa saa kumi alasiri, akitoka kazini, kwa miaka kumi, alisimama kwenye geti lile, na kila mtu wa Mawe Tatu anaweza kuisema sala yake bila kuangalia mahali:

"Baba, ni mimi Opondo. Hiyo mlango iko hapa mbele yangu ni yangu, niliitengeneza na hii mikono, wewe uliniona. Nyuma yake anaishi ndugu yangu Kipngetich. Mlinde. Bibi yake Mama Sarah, mguu yake ipone. Naomi umsaidie kwa mtihani. Linda ng'ombe. Na yeye mwenyewe, Baba, usimpatie usingizi mzuri sana mpaka aseme ukweli. Amina."

Wazee wa kanisa walimwita. Walimwambia anamwaibisha mwenzao, aombe kimya nyumbani kama watu wengine. Aliwajibu, "Mimi siongei na Kipngetich. Naongea na Baba yangu. Kama yeye anasikiliza maneno ya watu wengine akiwa ndani ya nyumba, hiyo ni tabia yake." Walifunga mkutano kwa sala fupi sana.

Nyumbani, shida ilikuwa kwamba hakutaka kutengeneza mlango mwingine. Alijenga upya kuta, akaweka paa, akaweka madirisha, na mlangoni akagongelea mbao na kipande cha bati. Fundi wa milango wa Eldoret nzima alikuwa akiingia kwake kwa kusogeza bati. Wateja walicheka. Mwezi wa Julai baridi iliingia kama mtu wa nyumbani, na Mama Warigia hakuficha maoni yake.

"Baba Christabel," alikuwa akimwambia, "Yesu alikuwa fundi. Unafikiri Maria alikaa bila mlango?"

"Nikiweka ingine, nimesema ile si yangu," Mzee alijibu. "Na nikisema ile si yangu, nimesema hakuna kitu ilifanyika."

Hilo ndilo alilolilia. Chuma alikuwa nacho tele kibandani, angeweza kuchomelea mlango mwingine kwa siku mbili. Alitaka mtu mmoja, mtaa mzima huu, aseme kwa kinywa chake kwamba ndiyo, mlitendewa hivyo. Mwaka wa 2013 vijana wa kanisa walijitolea kwenda kuung'oa mlango wamletee. Aliwakataza. Aliwaambia mlango ukirudi namna hiyo utakuwa umeibwa mara mbili, na yeye hataki mlango wenye historia ndefu hivyo.

Kule kwa Kipngetich nako hawakuwa wakistarehe. Ule ukanda wa kumwaga maji ya mvua sasa ulikuwa juu, na chini hakukuwa na kitu, kwa hiyo kila masika maji yaliingia sebuleni. Mzee aliyaona matope kizingitini akaona si haki kumficha jirani, akaongeza katika sala: "Na Baba, mwambie ndugu yangu hiyo mlango iko juu chini, ndio sababu maji inaingia." Kipngetich alisikia. Lakini kuupindua kungekuwa kukiri kwamba amesikia, na kwamba aliyesema anaujua mlango kwa sababu ni wake. Basi akaacha maji yaingie, na Mama Sarah akaendelea kukausha. Masika kumi, ndugu zangu.

Ijumaa tarehe 3 Mei 2019 mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Mzee alisimama getini, akavua kofia, akaanza, "Baba, ni mimi Opondo." Geti likafunguliwa. Mama Sarah alikuwa ameshika kitambaa cha kupangusia, miguu mitupu, imelowa maji hadi vifundoni.

"Mzee, ingia," akasema. "Mimi nimechoka kukausha. Ingia uongee na yeye, mmalizane."

Mzee aliingia. Kipngetich alikuwa ameketi na miguu juu ya stuli. Aliishusha miguu ndani ya maji, akasema, "Mzee, hiyo mlango ni yako. Nilijua ni yako. Mimi sikuchoma. Lakini nilisimama kwa barabara nikiangalia, na nilikuona ukitoka na huyo mama mzee. Sikusema kitu. Moto ilipopoa nilirudi na mkokoteni."

Mzee alilia. Alisema baadaye kwamba hakujua angelia, alidhani angeshangilia. Alipomaliza akafuta uso na kofia, akasema, "Asante. Sasa utasema hivyo hivyo Jumapili, hapo mbele, na sauti hiyo hiyo." Na Kipngetich akasema hivyo hivyo, tarehe 5 Mei, mbele ya kanisa zima, pamoja na habari ya mkokoteni. Tangu siku hiyo wengine wanne wamesimama pale mbele kusema ya kwao, na wengine bado tunawasubiri.

Jumatatu yake Kipngetich alileta mlango, kwa mkokoteni, mchana watu wakiona. Aliushikilia huku Mzee akiufunga, jua likiwa juu. Mzee akaufungua na kuufunga mara kumi. Kisha akaenda kibandani akamtengenezea Kipngetich mlango mwingine, wa bawaba za kushoto, wenye ukanda wa maji chini. Alisema hawezi kumwacha jirani nje, baridi ya kukosa mlango anaijua.

Mama Warigia hakutoa chai siku ile. Wageni walimtazama, naye akawaambia wazi, "Chai nitatoa. Lakini mama yangu alikufa kwa hema, na hakuna mtu atamleta na mkokoteni. Mnipe wakati." Mzee hakumharakisha. Mnamo Septemba mwaka huohuo Mama alipika chai, akamtuma Collins amwite Kipngetich na Mama Sarah, akaimimina mwenyewe. Hakuna aliyetoa hotuba. Awuor alikuwepo, na anakumbuka kwamba Kipngetich alikunywa vikombe vitatu akiwa ametazama chini.

Mapafu ya Mzee yalianza kumsumbua mwaka wa 2021, baada ya zaidi ya miaka arobaini ya moshi wa kuchomelea. Alilazwa mara tatu katika hospitali ya misheni pale Plateau, na muuguzi aliyemhudumia mara zote tatu alikuwa Naomi wa Kipngetich. Naomi alimwambia kwamba alikua akisikia jina lake likiombewa getini kila Ijumaa, na kwamba siku za mtihani alikuwa akichungulia dirishani kuhakikisha Mzee amefika. Familia inamshukuru Naomi, na madaktari na wauguzi wote. Mzee aliaga dunia Alhamisi tarehe 14 Septemba 2023, saa tatu asubuhi, Mama Warigia akiwa amemshika mkono.

Ndugu yake Oketch alitaka azikwe Alego kama ilivyo desturi, na hakuwa amekosea kutaka. Lakini Mzee alikuwa amemwambia mapema, na Oketch, aliyeketi hapa mbele, ndiye shahidi: "Hapa ndipo waliniambia nikae peke yangu. Nimekaa. Lakini si peke yangu." Oketch alifikiri siku mbili, kisha akasema kaburi lichimbwe hapa.

Marehemu ameacha mjane, Mama Warigia, watoto Christabel, Awuor na Collins, wajukuu watano, ndugu yake Oketch, jamaa za Alego na Moi's Bridge, na jirani zake, Kipngetich, Mama Sarah na Naomi, ambao aliagiza majina yao yaandikwe hapa pamoja na ya familia.

Leo asubuhi jeneza lake limetoka ndani ya nyumba bila kulazwa ubavu. Kipngetich ndiye aliyeushikilia mlango wazi mpaka wabebaji wote wakapita. Kisha Mama Warigia, kwa mkono wake wa kushoto, akausindikiza mpaka ukafika.

Baba, kazi umeimaliza. Pumzika.